Dole Lisilo na Mistari

Nilikuja na glavu nyeupe,
za mpiga tarumbeta wa harusi aliyeacha bendi,
nimezinunua Majengo kwa bei ya sahani ya chipsi.
Fundi Mesaki Chilewa akazitazama
kama mtu atazamavyo viatu vilivyoingia jikoni.

"Kioo kikavu, kitambaa kikavu,
hapo kuna nini cha kushikana?
Itakuponyoka. Na saruji haina huruma na taa
iliyotoka ng'ambo baba yako bado anachunga ndama Bahi."

Hakuziita valvu. Aliziita taa.
Redio ya taa. Amplifaya ya taa,
kama ile ya kanisa la Mvumi, taa nne nene kama chupa za siki,
iliyoletwa kwa toroli, imezungushiwa magunia ya pumba.

Nikavua glavu.
"Umenawa?"
Nikasema nimenawa.
Akanusa vidole vyangu. Mlenda.
"Rudi bombani."

Ndivyo nilivyofundishwa, kwa kurudishwa bombani.
Shika chini, kwenye kitako.
Usizungushe kama unafungua soda;
itikise kidogo, mashariki, magharibi,
kama jino la mtoto lililokwisha kukubali.
Dole gumba lisipite juu ya maandishi:
wino ule umelala tu juu ya kioo, kama vumbi la Agosti,
na taa isiyo na jina
huuzwa na wezi, hununuliwa na wajinga.
"Jasho haliiui," akasema. "Jasho litaungua, litaacha doa.
Haraka ndiyo inayoua."

Mkewe Damari, muuguzi, akatuletea glavu za mpira.
Akazipuliza, akawapa wajukuu wacheze.
"Hizi ukizivaa utadhani umevaa ujasiri."

Siku umeme ulipokatika
na mtaa mzima hadi Chang'ombe ukasema aaa kwa pamoja,
nilipeleka mkono ndani ya chasisi.
Mpini wa bisibisi ukatua kwenye kifundo changu.
"Umekatika kwao. Humu haujakatika."
Akanionyesha kapasita mbili, kimya,
zimeshiba volti mia nne kama kupe.
Mkono wa kushoto mfukoni.
Wa kulia ukashika rezista kwa koleo,
akazinyonya taratibu, mita ikishuka,
mia tatu, themanini, kumi na moja, sifuri.
Akasubiri. Akapima tena.

Mwezi wa vitambulisho tulipanga foleni ofisi ya kata.
Mashine ikamkataa.
Akaweka kidole hiki, akaweka kile,
kijana akavifuta kwa pamba, akajaribu upya.
Miaka arobaini ya kulehemu,
na kioo alichokishika hakijapoa, enzi za ujana wake na haraka zake,
vilikuwa vimesaga mistari yote.
"Mzee, kwa mashine hii hupo."
Alicheka njia nzima hadi Barabara ya Tisa.
Usiku, Damari alisema, hakula.

Sasa ni mimi ninayefungua.
Amplifaya ya Mvumi imerudi, inakoroma upande wa kushoto.
Nimengoja ipoe nusu saa,
na dakika kumi za woga juu yake.
Nimenyonya kapasita. Nimepima. Nimepima tena.
Mikono mitupu, imenawa mara mbili.
Mashariki, magharibi,
taa ya tatu imetoka.

Fedha ya utosini bado inang'aa, haijageuka maziwa;
hewa haijapata mlango.
Na ubavuni, kando kabisa ya maandishi,
doa la hudhurungi, limeungulia hapo:
umbo la dole gumba, pana, laini,
bila mstari hata mmoja.

Spiriti ipo kwenye chupa. Kitambaa kipo begani.
Nimekinusa kioo, upuuzi tu.
Mzee wewe,
hukunawa.